Sentensi Tuliyomfundisha Bibi Vifungo

Risala ya Darasa la Kiingereza la Alasiri kwa mgeni rasmi, Daktari wa Kliniki ya Wazee. Imesomwa na katibu wa darasa katika uwanja wa karakana ya seremala.

Mgeni rasmi, Daktari wetu wa Kliniki ya Wazee; mwenyekiti wetu, ambaye kwa kazi ni kinyozi na hutuongoza hivyo hivyo huku ameshika mashine; seremala mwenye uwanja, asante kwa kuzima msumeno; wazazi, majirani, na nyinyi mliokuwa mnapita tu mkaona viti mkaketi: wakubwa wote shikamooni, wadogo habari zenu.

Kwa niaba ya wenzangu naanza kwa kujisifu kidogo, maana risala isiyojisifu huitwa malalamiko. Daktari, zunguka mji huu wote, ingia uchochoro kwa uchochoro, hutapata kikundi cha vijana kinachowaheshimu wazee kuliko sisi. Wengine humpisha mzee kwenye kiti wakadhani wamemaliza. Sisi tumeusoma uzee wenyewe, sura baada ya sura, kwa Kiingereza, na maswali ya ufahamu tukayajibu. Mzee akipita hapa akijishika kiuno, sisi tunajua kilichomo ndani ya kiuno hicho, na tunaweza kukisema katika wakati uliopo, uliopita na ujao.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Kiti ulichokalia kimepakwa rangi majuzi. Tulihakikisha imekauka kwa kumkalisha mwenyekiti kwanza, na ukimtazama suruali yake kwa nyuma utaona tulifanya vizuri kumtanguliza.

Tunaomba radhi kwa vumbi la mbao. Mgeni wa hadhi yako alistahili kupokelewa ndani, na darasa letu lina chumba. Ni kile pale ng'ambo ya ua, chenye mlango wa bluu na dirisha la mbao. Kwa sasa tumekihama kwa muda, kwa sababu zitakazoelezwa kwenye sehemu ya changamoto, kama muda utaruhusu.

Mwenyekiti ananikazia macho. Muda utaruhusu.

HISTORIA YA DARASA

Mgeni rasmi, darasa hili lilianzishwa na watu waliopigwa chenga na Kiingereza. Sote tumemaliza sekondari. Vyeti vyetu vipo, vimehifadhiwa kwenye nailoni visilowe, na katika kila kimoja mstari wa Kiingereza una herufi ambayo hatuisomi mbele ya wageni. Mwenyekiti aliwahi kuitwa kwenye usaili wa kazi hotelini, akaambiwa kwa Kiingereza ajieleze. Akaeleza njia ya kufika kwao, kona kwa kona, mpaka mlango wa choo. Mimi katibu, ambaye mtaani wananiita Redio, nilipigiwa simu na kampuni, nikaulizwa kama naweza kuanza kazi kesho, nikajibu kwa heshima kwamba hapana, asante, nimeshakula. Ndipo tukasema basi, imetosha, tujifunze wenyewe.

Mwalimu hatukuwa naye. Kitabu hatukukichagua. Mweka hazina wetu, Dada wa Dawa, anayehudumia lile duka la dawa la njiani, alikikuta kwenye boksi lililoachwa na wauza vitamini. Ni kitabu cha mazoezi ya Kiingereza, na habari zake zote zinahusu jambo moja: kwa nini binadamu anazeeka. Habari fupi, kisha maswali ya ufahamu, kisha zoezi la sarufi. Sisi tungependa kitabu cha mpira, na wengine walitaka cha mapenzi, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tukainama.

Na tukanogewa. Sura ya mvi ilisema kwamba kwenye shina la unywele kuna seli zinazotoa rangi, na seli hizo huchoka zikaacha kazi. Mwenyekiti akaweka kitabu chini. "Kumbe," akasema, "mimi nalipwa kumpaka mtu rangi kwa sababu vibarua wake wamegoma." Sura nyingine ilieleza kwamba ndani ya kila seli kuna nyuzi zilizobeba habari za mtu, na mwisho wa kila uzi kuna kifuniko, kama kile kiplastiki cha ncha ya kamba ya kiatu. Seli ikijigawa, kifuniko kinapungua, mpaka siku seli inasema mimi basi. Wiki nzima tulikuwa tunatazama kamba za viatu vyetu kwa huzuni.

Sasa, Daktari, darasa letu lina utaratibu wake, na utaratibu huu haupo kwingine kokote tunakojua. Tunauita mfano hai. Sentensi haihesabiki kuwa imejulikana mpaka msemaji aisimamie na kunyoosha kidole kwa kitu kilicho hai mbele yetu. Ukisema kirefu kuliko, uonyeshe. Tulipokuwa kwenye zoezi la kulinganisha tulipimana pua. Sentensi isiyo na mfano hai haishiki kichwani, inateleza kama sabuni. Na wote wakiridhika kwamba haina kosa, tunapiga makofi.

Utaratibu ulikuwa mzuri. Shida ni kwamba kitabu kilikuwa cha wazee, na sisi sote tulikuwa vijana.

Ila chumba tulichokuwa tunasomea kilikuwa na mwenyewe.

Majirani wanamjua, lakini kwa faida ya waliofuata viti: Bibi Vifungo ndiye mama mwenye nyumba ile ya mlango wa bluu. Alikuwa mshonaji. Macho yalipopungua nguvu aliacha magauni akabaki na vifungo, na hakuna shati mtaani hapa ambalo halijapita mkononi mwake. Chumba chake cha kushonea kilipobaki wazi alitupa sisi. Tulimuuliza tumlipe nini. Akacheka akasema, "Nitungieni uzi kwenye sindano kabla hamjaanza kelele zenu. Jicho langu na tundu la sindano wamenuniana." Basi kila alasiri tulimtungia sindano, nyeupe, nyeusi, ya kaki, tukazichomeka kwenye kimto chake. Tulipofika sura ya macho tukasoma kwamba lenzi ya jicho hukakamaa kwa umri, haijikunji tena kutazama kitu cha karibu. Mmoja wetu akaruka, "Ndiyo kazi yetu hii! Sisi ni lenzi ya Bibi!" Tulifurahi sana siku ile. Ilikuwa siku nzuri, na ingefaa tuishie hapo.

Lakini siku ya pili yake tulimwita Bibi aje akae mbele.

"Bibi, tunaomba ukae hapa kidogo, uwe mfano wetu."

"Mfano wa nini, wajukuu?"

Tukatazamana. Mmoja wetu, mwenye ulimi mwepesi, akawahi: "Wa kuigwa, Bibi."

Kesho yake Bibi alikuja amevaa gauni lake la maua, amejipaka mafuta usoni, ameketi wima kwenye kigoda kama anayepigwa picha ya pasipoti.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, katika kipindi hiki tumepata mafanikio yafuatayo.

Mwenyekiti sasa anajieleza kwa Kiingereza bila kumpeleka mtu chooni. Dada wa Dawa anasoma karatasi za ndani ya boksi za dawa na kuwafafanulia wateja madhara yake, jambo ambalo mwenye duka hajalifurahia. Kitabu tumekifikisha sura ya mwisho ila moja. Tunajua mifupa hupoteza madini, tunajua ngozi hupungukiwa na ile protini inayoivuta, tunajua sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba. Tunajua kutumia kauli ya kutendwa.

Pia tunayo fahari kukujulisha kwamba mwanafunzi wetu mwenye umri mkubwa kuliko wote, ambaye hakuwahi kuingia darasa la Kiingereza maishani mwake, alisimama mbele ya hadhara na kutamka sentensi ndefu ya Kiingereza, yenye viunganishi, bila kosa hata moja. Hakuna mwingine kati yetu aliyewahi kufanya hivyo.

Hayo ndiyo mafanikio.

CHANGAMOTO

Hatuna mahali pa kusomea. Kitabu ni kimoja, na ukurasa wa majibu umechanwa na mtu asiyejulikana. Msumeno wa seremala una sauti kubwa kuliko wasomaji wetu wote. Mwanga…

Mwenyekiti amekohoa. Hana mafua, tumemwona asubuhi. Naomba niendelee na aya inayofuata, ambayo kikao chetu kiliijadili kwa muda mrefu, na wajumbe wawili walitoka nje wakilia, na mmoja wao hata sasa anakana kwamba alilia.

Daktari, yule mwanafunzi wa umri mkubwa ni Bibi Vifungo. Na ile hadhara ilikuwa foleni ya kliniki yako. Wewe ulikuwepo.

Hatusemi ili kujitetea. Tunasema ili ujue ilivyoanza.

Bibi alikaa mbele yetu kama mfano kwa sura nzima nzima. Tulisimama mmoja mmoja tukamnyooshea kidole. Ngozi yake ina mikunjo mingi kuliko ya Dada wa Dawa. Mifupa yake inavunjika kwa urahisi kuliko ya mwenyekiti. Kimo chake kimepungua na kitazidi kupungua. Kwa Kiingereza, kwa sauti, na tukimaliza tunapiga makofi. Bibi naye alipiga makofi. Alidhani tunampigia yeye.

"Hapo mmesema nini?" akauliza siku ya kwanza.

Mmoja wetu akamjibu, "Tumesema uso wako una historia, Bibi."

"Eeh! Hiyo ni kweli tupu. Na wewe mwenye nywele za kiduku, umesema nini?"

"Amesema umesimama imara."

"Mungu ni shahidi, sijawahi kutumia fimbo. Haya, endeleeni, endeleeni."

Tulicheka. Daktari, tulicheka mpaka mtu akaegemea ukuta. Hatukucheka kwa ubaya, tulijiambia hivyo. Tulijiambia ni sarufi tu, hatumsemi yeye, tunasema kitabu. Dada wa Dawa peke yake alisema siku moja, "Jamani, si tumwambie?" Tukamwambia asiharibu darasa, Bibi mwenyewe amefurahi, kwani furaha yake inamwumiza nani? Na kweli alikuwa na furaha. Aliwaambia watu wa mtaa mzima, "Wale wajukuu zangu wananisifu kila siku kwa Kiingereza, nikifa leo nimeshasomewa." Akawa anawahi kuja kabla yetu. Akawa anapaka hina kwenye kucha.

Kisha akaomba jambo. Alisema kesho kutwa anakwenda kliniki, na safari hii watakuwepo madaktari wageni waliokuja kuitembelea. Akasema, "Nifundisheni na mimi neno moja la Kiingereza la heshima. Niwaamkie nalo. Wasinione wa juzi."

Hapo, mgeni rasmi, mmoja wetu alijitolea kumfundisha. Kwa maamuzi ya kikao jina lake halitatajwa, ili kulinda umoja wa darasa. Kwa haki tuseme kwamba ni kijana mwenye kipaji, mchangamfu, anayependwa na wengi, na kwamba huwa hafikirii sana kabla, ila baadaye hufikiria kupita kiasi. Alichukua sentensi moja kutoka zoezi la kauli ya kutendwa. Kitabuni sentensi hiyo inahusu seli: kwamba zimechakaa, zimejaa uharibifu, na haziwezi kurekebishwa tena. Yeye akaziondoa seli. Akamweka Bibi.

Akamwambia maana yake ni: "Mimi ni mama mwenye heshima zangu, na wanaonijua wananishukuru."

Bibi alijifunza sentensi ile kama mtoto anavyojifunza kuhesabu. Aliisema akishona kifungo, kifungo na neno, kifungo na neno. Aliyemfundisha alikuwa anapita barazani akimsahihisha matamshi. Alikuwa mkali hasa kwenye matamshi. Kama angemwacha akosee kidogo, labda kule kliniki wasingeelewa.

Yaliyofuata wewe unayajua kuliko sisi, lakini sisi nasi tumeyasikia kutoka kwa waliokuwa kwenye foleni, na tunaona ni adabu tuyaseme sisi wenyewe badala ya kukuachia wewe. Madaktari wageni walipoingia, Bibi aliinuka kutoka kwenye benchi bila kuitwa. Akarekebisha mtandio. Akasema kwa Kiingereza safi, kwa sauti ya mtu anayetoa shukrani kwenye harusi, kwamba yeye amechakaa, amejaa uharibifu, na hawezi kurekebishwa tena.

Wanafunzi wa uuguzi waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Na foleni, ambayo haikuelewa hata neno, ikacheka kwa kuwa wenzao wamecheka. Bibi naye akacheka pamoja nao. Hilo ndilo tulilosimuliwa na kila mtu. Kwamba naye alicheka.

Wewe hukucheka. Tumeambiwa ulimshika mkono ukamwingiza ndani, na kwamba alikuuliza, "Daktari, mbona wamecheka? Nimekosea neno?" Na kwamba ulimwambia hapana, Bibi, hujakosea hata neno moja. Kisha akakuomba umwambie maana yake, ukamwambia, kwa sababu hukuwa na namna nyingine. Hatukulaumu. Mtu mmoja katika habari hii alipaswa kumwambia ukweli, na si haki kwamba uliangukiwa na kazi hiyo wewe.

Alirudi kwa miguu. Sisi tulikuwa barazani tukimsubiri atuambie ilivyokwenda. Tulimpokea kwa makofi.

Alitupita. Akaingia chumba cha darasa, akaanza kutoa mabenchi nje, moja moja, yeye mwenyewe, na mifupa ile tuliyoisema. Mwenyekiti akakimbilia kumsaidia. Bibi akamwambia, "Acha. Hili bado naliweza." Akaweka kitabu juu ya benchi la mwisho. Hakukirusha, alikiweka, akakipangusa vumbi. Akafunga mlango. Hakutukana hata mmoja wetu. Majirani, mnamjua mdomo wake. Angetutukana tungelala usingizi.

Mzaha mzaha hutumbua usaha, hayo tuliyasoma tangu shule ya msingi na tukapata alama zote.

Tulibisha siku hiyo, tukabisha kesho yake. Tulimtuma Dada wa Dawa, tukamtuma mama yake mwenyekiti, tukamtuma hata seremala mwenye uwanja, ambaye alibisha kwa nyundo. Anasikika ndani akitembea. Haitiki. Mashati yaliyokuwa kwake ameyarudisha kwa wenyewe hayana vifungo, na hilo tunalielewa: hakuna wa kumtungia uzi.

Lakini, Daktari, hiyo ilikuwa changamoto yetu sisi. Sasa ipo iliyo yake. Dada wa Dawa ndiye anayemtolea Bibi dawa zake za presha kila anapotoka kliniki na cheti chako. Bibi hajaja kuchukua. Zile za mwanzo zimekwisha. Dada wa Dawa anajua kwa sababu alizifunga yeye kwenye karatasi. Bibi hawezi kuja kuchukua nyingine mpaka apite kwako, na hawezi kupita kwako mpaka akae kwenye lile benchi. Kitabu chetu kina sura nzima kuhusu mishipa ya damu ya mzee, jinsi inavyokakamaa, na kinachotokea presha ikiachwa ipande. Maswali ya sura ile tulipata yote.

Ulipokubali kuja hapa ulituuliza jambo moja tu: "Yule bibi yenu mshona vifungo, mbona simwoni kliniki?" Tukakujibu kwamba yupo, hajambo, anakusalimu sana. Samahani. Hiyo nayo tunaifuta leo.

MAOMBI

Kwenye rasimu ya kwanza hapa palikuwa na maombi mengi. Mabenchi, taa, vitabu vingine, ikiwezekana visivyo vya wazee. Kikao kiliyafuta yote, na mwenyekiti, ambaye alikuwa na ombi la kioo kipya cha saluni, alilifuta la kwake kwa mkono wake.

Ombi letu ni hili. Tutakapomaliza, usipande gari. Vuka ua pamoja nasi ukabishe mlango ule wa bluu. Kwetu sisi hafungui na ana haki. Kwako labda atafungua, kwa sababu wewe siku ile hukucheka. Mhudumie hata kwenye baraza, mpime pale pale, umpe cheti chake asilazimike kukaa kwenye benchi lile mbele za watu. Dada wa Dawa amebeba dawa kwenye mkoba, amezikopea kwa mwenye duka akisubiri sahihi yako. Kama Bibi atasema sisi tusikae karibu, tutasimama kule kwenye mbao. Hatuombi atusamehe. Tunaomba afungue.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tumekuchosha. Tunakushukuru kwa kutusikiliza na uso huo huo bila kuubadilisha, ingawa tungeona heri ungetukunjia kidogo. Tunakuombea Mungu akupe miaka mingi, na kila mwaka katika hiyo akupe watu watakaokusema kwa maneno utakayoyaelewa. Awape afya wagonjwa wako wote, na kwa namna ya pekee yule aliye ng'ambo ya ua. Nasi atupe akili, hata kama itachelewa.

Ni sisi watoto wenu, Darasa la Kiingereza la Alasiri.

Asanteni kwa kutu… Ndiyo? Naona kuna mtu amesimama kule nyuma. Ni Mama Mboga, mgeni rasmi, jirani yetu, anayempelekea Bibi mboga barazani. Mama, shikamoo. Risala kwa kawaida haina maswali, lakini…

"Marahaba, Redio. Sina swali. Daktari, samahani, mimi sina maneno ya karatasi. Nataka tu kuuliza huyu mmoja wao ni nani."

Mama, hilo tumelieleza. Ni uamuzi wa kikao, kwa ajili ya umoja wa…

"Kikao kipi? Mimi siku ile nilikuwa barazani natua kapu. Bibi anasema maneno, wewe unamwambia tena, Bibi, tena, bana ulimi hapo. Anasema. Unamwambia safi kabisa. Kisha ukageukia ukutani. Mimi nilikuona, baba. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nikadhani unalia kwa furaha, nikasema huyu kijana ana moyo."

Mama Mboga, naomba…

"Ngoja, sijamaliza. Leo asubuhi nimempelekea mchicha, akapokea kupitia dirishani. Nikamwambia Bibi, leo wanakusomea risala, watamwomba Daktari aje kwako. Akaniuliza, anasoma nani? Nikamwambia Redio. Akasema, nenda ukae nyuma, umsikilize vizuri, kisha uje uniambie kama amejitaja. Nikamwambia, Bibi, kwani wewe humjui aliyekufundisha? Akasema, mimi namjua. Nataka kujua kama na yeye anajijua."

Mama…

"Sasa nikirudi pale niseme nini? Niseme alikuita mwenye kipaji, mchangamfu, anayependwa na wengi?"

Wenzangu, msicheke. Tafadhali. Hapana, hamcheki. Samahani.

Mwenyekiti, kaa. Kaa, nimesema, usinitetee.

"Usinitazame mimi, baba. Geuka kule. Unaona lile dirisha? Lilikuwa limefungwa mlipoanza. Sasa liko wazi. Sema, anakusikia."

Mgeni rasmi, naomba radhi. Hapa karatasi imekwisha.